Faili Lisilofunguka: Usimbaji wa Video na Hifadhi ya Kiswahili cha Likasi

1.0 Utangulizi

Mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, uko umbali wa kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni mji uliokuzwa na shaba. Mitambo ya Shituru na makazi ya wafanyakazi wa Union Minière, na baadaye ya Gécamines, yaliwakutanisha watu wa makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha kazini, sokoni na majumbani ikawa Kiswahili.

Kiswahili hicho hakijakosa wachunguzi. Tangu makala ya Edgar Polomé ya mwaka 1968 hadi sarufi ya Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa iliyotolewa Paris mwaka 2014, wataalamu wamekieleza Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho cha Likasi ni ndugu yake wa karibu. Sifa zake zinajulikana: batoto badala ya watoto, katoto na tutoto kwa udogo na wingi wake, anasemaka kwa jambo lililo desturi, na maneno ya Kifaransa yanayoingia na kutoka katika sentensi bila hodi. Hata hivyo, lugha hii huishi mdomoni zaidi kuliko kwenye karatasi. Shuleni Kifaransa kina nafasi kubwa, na anayetaka kuandika Kiswahili mara nyingi huelekea kile kinachoitwa Kiswahili bora. Historia ya Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 ni mojawapo ya maandishi machache marefu yaliyotungwa kwa lugha ya mjini yenyewe.

Kwa sababu hiyo, matini ya mtafiti wa Kiswahili cha Katanga ni sauti, na tangu kuenea kwa kamera ni sauti pamoja na picha. Michezo ya kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi ilijulikana kwa njia ya redio na televisheni kabla ya kuandikwa. Walter Schicho na Mbayabo Ndala waliinakili baadhi yake katika kitabu cha mwaka 1981, naye Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alifuatilia mchezo mmoja tangu mazungumzo ya kwanza ya waigizaji hadi ulipopigwa picha na televisheni mwaka 1986. Mbali na kazi hizo za wasanii, zipo arusi, matanga, nyimbo za makanisa na masimulizi ya wazee yaliyorekodiwa na watu binafsi katika kaseti, diski na simu.

Uzito wa kumbukumbu hizi waonekana vizuri ukilinganishwa na filamu ya The Siege of Jadotville, iliyotoka mwaka 2016. Filamu hiyo inahusu mapigano ya Septemba 1961 kati ya askari wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa na majeshi ya Katanga. Imetazamwa katika nchi nyingi, lakini ilipigwa Afrika ya Kusini. Anayetaka kuusikia mji wenyewe ukisema hana budi kurejea kwenye kaseti na mafaili ya wakazi wake; na hapo ndipo matatizo yanapoanza, kwa kuwa mengi ya mafaili hayo hayafunguki, au hufunguka yakiwa na kilema.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini video hukataa kusomwa na kompyuta, na mtafiti afanye nini. Hoja yake ni moja: mara nyingi faili lisilofunguka halijafa, bali limekosa msomaji wake. Kinachoiangamiza kumbukumbu ni tiba ya haraka, hasa ile ya kulibadili faili kuwa umbizo jingine kisha kulifuta la asili, kabla ya kuuelewa ugonjwa.

2.0 Kasha na Kilichomo

Msingi wa mambo yote ni kutofautisha vitu viwili vinavyochanganywa mara kwa mara, yaani kasha na usimbaji.

Video ikiachwa jinsi ilivyo ni kubwa mno. Picha moja ya televisheni ya mistari 625, ikiingizwa katika kompyuta, huwa na pikseli 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Kila pikseli ikichukua baiti 2, picha moja itahitaji baiti 829,440. Picha 25 za sekunde moja zitahitaji baiti milioni 20.7, na saa moja ya mazungumzo itafikia gigabaiti 74 na ushei. Mkusanyiko wa saa nyingi ungekuwa mzigo mzito kwa diski na kwa simu. Kwa hiyo video hubanwa. Kubana huko kwa kufuata kanuni maalumu ndiko kunakoitwa kusimba, na programu ndogo inayosimba na kusimbua huitwa kodeki. Kodeki zimefuatana kwa vizazi: MPEG-1 na MPEG-2 za miaka ya 1990, H.264 iliyokamilishwa mwaka 2003, HEVC ya mwaka 2013, na nyinginezo.

Kodeki nyingi hubana kwa hila moja. Badala ya kuhifadhi kila picha nzima, huhifadhi picha nzima moja, kisha kwa picha zinazofuata huandika tu yale yaliyobadilika. Mzee akiwa ameketi kibarazani akisimulia, ukuta ulio nyuma yake haubadiliki. Hauna haja ya kuandikwa mara 25 kwa sekunde. Faida yake ni kubwa, lakini una gharama: picha nyingi hazisimami peke yake bali hutegemea jirani zake. Ndiyo sababu faili likipata dosari mahali pamoja, madoa na miraba huenea kwa sekunde kadhaa mpaka ifike picha nzima nyingine.

Picha zilizosimbwa na sauti iliyosimbwa, ambayo ina kodeki yake mbali, hutiwa pamoja ndani ya kasha. Kasha ndilo linalopanga ni sauti ipi iende na picha ipi, na kwa wakati gani. AVI, MP4, MOV na MKV ni majina ya makasha. Hayasemi lolote la hakika kuhusu kilichomo. Mafaili mawili yenye kuishia na MP4 yaweza kubeba, moja H.264 na jingine HEVC. Kompyuta ya zamani italifungua la kwanza na kulikataa la pili. Vilevile, kuligeuza jina la faili kutoka AVI kuwa MP4 hakubadilishi chochote ndani yake. Ni sawa na kubandika karatasi mpya juu ya sanduku lilelile.

Kutokana na tofauti hii huzaliwa vitendo viwili ambavyo mtafiti anapaswa kuvitenga akilini. Cha kwanza ni kuhamisha kasha: picha na sauti hutolewa katika kasha moja na kuwekwa katika jingine bila kuguswa. Kitendo hiki huchukua muda mfupi na hakipunguzi ubora. Cha pili ni kusimba upya: picha na sauti husimbuliwa, kisha hubanwa tena kwa kodeki nyingine. Kwa kodeki za kawaida kila mara ya kusimba upya hupoteza kitu, na kilichopotea hakirudi.

3.0 Safari ya Video kutoka Kaseti hadi Simu

Mkusanyiko mmoja wa familia au wa parokia waweza kuwa na tabaka nne za teknolojia, na kila tabaka ina matatizo yake.

Ya kwanza ni kaseti za VHS, zilizoanzishwa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976. Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, ilifuata mfumo wa rangi wa SECAM kama Ufaransa, ilhali Tanzania, Kenya na Uganda zilifuata PAL. Mifumo yote miwili ina mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, lakini hutunza rangi kwa njia tofauti. Kaseti ya SECAM ikichezwa katika mashine ya PAL pekee hutoa picha isiyo na rangi. Anayeidhania kuwa imechujuka na kuihamisha hivyo katika kompyuta atakuwa ameizika rangi ambayo bado imo katika utepe.

Ya pili ni diski za VCD, zilizoanza mwaka 1993 na kuenea sana Afrika kwa sababu ya bei yake nafuu. Video yake ni MPEG-1 yenye pikseli 352 kwa 288 tu, na saa moja huchukua megabaiti 618 hivi, yaani chini ya sehemu moja kwa mia ya ile hesabu ya gigabaiti 74. Katika kompyuta mafaili yake huonekana yakiishia na DAT, jina ambalo programu nyingi za uhariri hazilitambui ingawa yaliyomo ni MPEG-1 ya kawaida. Kuhamisha kasha kwatosha.

Ya tatu ni DVD, zenye MPEG-2 ndani ya mafaili ya VOB. Filamu moja hukatwa vipande vya takriban gigabaiti moja moja, wala mipaka ya vipande hivyo haifuati mipaka ya maneno. Mwenye kuvinakili vipande na kuvifungua kimoja kimoja hukuta sentensi imekatwa katikati. Dawa yake ni kuviunganisha kwa mfuatano kabla ya kazi nyingine yoyote.

Ya nne ni simu. Simu za miaka ya 2000 zilirekodi katika kasha la 3GP, picha ndogo na sauti iliyobanwa mno. Jambo hili litarejewa katika sehemu ya 5.0. Nyingi za simu za leo hutumia H.264 au HEVC, na video zake hupita katika programu za kutumiana ujumbe, ambazo huzisimba upya bila kumwuliza mtumaji. Kwa hiyo video iliyopokewa kwa njia hiyo ni nakala dhaifu. Faili la asili lazima liombwe kwa aliyerekodi, likabidhiwe kwa waya au kwa kadi ya kumbukumbu.

4.0 Dalili na Vyanzo Vyake

4.1 Sauti bila picha, au picha bila sauti

Dalili hii humaanisha kwamba kasha limefunguliwa, lakini kodeki ya mojawapo ya vilivyomo haipo katika kompyuta. Hatua ya kwanza ni kuliuliza faili lenyewe. Programu ya MediaInfo, inayopatikana bila malipo, huorodhesha aina ya kasha, kodeki ya picha, kodeki ya sauti, idadi ya picha kwa sekunde na muda. Hatua ya pili ni kulifungua faili kwa VLC, programu ya bure iliyotokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale ya Ufaransa, ambayo hubeba kodeki zake yenyewe.

Hapa pana fumbo linalowasumbua wanaisimu. Video hufunguka vizuri katika VLC, lakini hukataa katika ELAN, programu ya kunakilia mazungumzo iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi. Sababu ni kwamba ELAN kwa kawaida hutegemea kichezeshi cha mfumo wa kompyuta yenyewe, na mfumo huo huenda hauna kodeki inayohitajika. Faili ni zima. Kinachotakiwa ni kulitengenezea nakala ya kazi, MP4 yenye H.264, na kuliacha la asili mahali pake.

4.2 Faili lililokatika

Mabwawa ya Mwadingusha na Koni katika Mto Lufira hayako mbali na Likasi, lakini umeme ukikatika kamera au kompyuta inayorekodi huzimika katikati ya kazi. Faili la MP4 linalopatikana huwa na ukubwa wa kutosha, na bado halifunguki popote. Katika MP4 ya kawaida faharasa ya kasha, yaani orodha inayoonyesha kila picha na kila kipande cha sauti kiko wapi, huandikwa mwishoni, wakati wa kufunga. Ukizimika ghafla, yaliyomo yamo ila faharasa haipo, mfano wa kitabu kizima ambacho kurasa zake hazina namba wala jalada.

Faili kama hili lisifutwe. Zipo programu zinazojenga upya faharasa kwa kulinganisha na faili jingine zima lililorekodiwa kwa kamera ileile na kwa mipangilio ileile. Kwa hiyo mtafiti aliyepatwa na mkasa huo aihifadhi kamera, asibadilishe mipangilio yake, arekodi dakika chache za majaribio, na kuyatunza mafaili yote mawili pamoja. Anayerekodi kwa kompyuta afadhali atumie kasha la MKV, ambalo kwa kawaida husomeka hata likikatwa njiani.

4.3 Sauti na midomo visivyopatana

Swali la kuuliza hapa ni kama tofauti ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho, au huongezeka. Ikiwa ni ileile, kwa mfano nusu sekunde mahali pote, sauti ilianza mapema au ilichelewa. Husogezwa mara moja, na kazi imekwisha. Ikiwa inaongezeka, tatizo ni la mwendo.

Vyanzo vya mwendo usiolingana ni vitatu. Kwanza, simu nyingi hazirekodi kwa mwendo mmoja: mwanga ukipungua, idadi ya picha kwa sekunde hushuka. Programu ya uhariri inayodhani kwamba mwendo haubadiliki hupanga picha vibaya, na midomo huachana na sauti polepole. Tiba ni kutengeneza nakala yenye mwendo wa kudumu kabla ya kuhariri. Pili, video za Marekani hutumia picha 29.97 kwa sekunde. Programu ikizihesabu kuwa 30, tofauti hufikia sekunde 3.6 kwa saa. Tatu, sauti iliyorekodiwa kwa vipimo 44,100 kwa sekunde ikichezwa kana kwamba ni 48,000, saa moja huisha kwa dakika 55 na sauti ya msemaji hupanda. Mtafiti anayepima kiimbo au urefu wa silabi ya pili kutoka mwisho atapata matokeo yasiyo na maana, wala sikio lisilozoea halitamwonya.

4.4 Kingo zenye meno

Katika video za kaseti, mtu akipunga mkono, kingo za mkono huonekana kama meno ya kitana. Huu si ubovu. Televisheni ya zamani iligawa kila picha katika nusu mbili: mistari ya witiri kwanza, kisha ya shufwa, nusu 50 kwa sekunde. Kompyuta huzionyesha zote mbili kwa pamoja, ilhali zilipigwa kwa nyakati mbili tofauti. Kichezeshi kizuri huweza kuzipatanisha wakati wa kutazama. Nakala ya hifadhi isirekebishwe, maana anayechunguza ishara za mikono hupata katika nusu hizo 50 maelezo ya mwendo ambayo picha 25 zilizopatanishwa huyapoteza.

4.5 Herufi zilizovurugika

Tafsiri au maneno ya wasemaji yanayoandikwa chini ya picha huhifadhiwa katika faili la maandishi. Kiswahili sanifu hakihitaji alama juu ya herufi, kwa hiyo wengi hawatambui hatari hii. Lakini msemaji wa Likasi hutaja Gécamines katika sentensi ya Kiswahili, na jina hilo huonekana katika kioo likiwa GÃ©camines. Hata ng’ombe aliyeandikwa kwa koma ya juu iliyopinda hugeuka ngâ€™ombe. Chanzo ni kwamba maandishi yalihifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8 na yakasomwa kwa mfumo wa zamani wa Windows. Usirekebishwe mmoja mmoja kwa mkono. Faili lifunguliwe kwa programu ya maandishi inayoruhusu kuchagua mfumo wa herufi, lisomwe upya kwa UTF-8, na mamia ya makosa yatatoweka kwa mara moja.

4.6 Faili linalokataa kunakiliwa

Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja linalofikia gigabaiti 4, hata kama flashi ina nafasi ya gigabaiti 64. Kompyuta hutangaza kwamba nafasi haitoshi au faili ni kubwa mno, na mtafiti mwenye haraka huamua kulibana. Hakuna haja ya kubana. Flashi yenyewe ipangwe upya kwa mfumo wa exFAT, baada ya kuondoa vilivyomo, na faili litaingia zima.

5.0 Sauti Kwanza

Wahariri wa video hujali picha zaidi. Kwa mtafiti wa Kiswahili mpangilio huo hugeuzwa, kwa sababu picha yenye ukungu bado hueleza, ilhali sauti iliyopunguzwa huondoa ushahidi wenyewe.

Uchukuliwe mfano wa ile sauti ya AMR iliyotumika katika simu za zamani. Kodeki hii ilibuniwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na kwa hiyo haiwezi kubeba kitu chochote kilicho juu ya mizunguko 4,000. Irabu hubaki zikitambulika. Lakini sehemu kubwa ya nguvu ya konsonanti s iko juu ya kiwango hicho, nayo f haiko mbali na hali hiyo. Katika Katanga baadhi ya wasemaji hutamka shi pale ambapo wengine husema si, wakiwa na shiku badala ya siku, sifa inayohusishwa na athari za lugha za Kiluba. Mtafiti anayetaka kujua ni nani husema hivi, wa umri gani na wa kazi gani, hawezi kutegemea rekodi ambayo mpaka kati ya sauti hizo mbili umefifishwa na kodeki.

Kuibadili AMR kuwa WAV hakuirudishi sehemu iliyokatwa. Ni kumimina maji ya kikombe katika pipa: chombo kimekuwa kikubwa, maji ni yaleyale. Hatari ni kwamba faili jipya la WAV litaonekana la hali ya juu, na mtafiti wa miaka ijayo hatajua asili yake. Kwa hiyo historia ya kila faili iandikwe: lilirekodiwa kwa chombo gani, kwa kodeki gani, na limebadilishwa mara ngapi.

Kwa rekodi mpya, Chama cha Kimataifa cha Hifadhi za Sauti na Video, kijulikanacho kwa kifupi kama IASA, kimependekeza kwa hifadhi kiwango cha chini cha vipimo 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa kila kipimo. Kinasa sauti kidogo kikiwekwa karibu na msemaji, kando ya kamera, hutoa sauti inayofaa uchunguzi hata kama kamera ni simu ya kawaida. Kofi moja mwanzoni mwa mazungumzo, likionekana na kusikika, hutosha kuunganisha sauti na picha baadaye katika programu ya uhariri.

6.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, utaratibu ufuatao wafaa kwa idara, kituo cha utamaduni au mtu binafsi mwenye kompyuta moja:

(a) Faili la asili linakiliwe jinsi lilivyo katika vyombo viwili vinavyotunzwa mahali pawili tofauti. Kunakili si kusimba. Nakala iwe sawa na ya asili baiti kwa baiti. Usawa huo huthibitishwa kwa hesabu ya ukaguzi, kama ile iitwayo SHA-256, inayofanywa na kompyuta kwa dakika chache.

(b) Faili lichunguzwe kwa MediaInfo, na majibu yatunzwe pamoja nalo.

(c) Dalili itafutiwe chanzo kabla ya tiba. Kuhamisha kasha kujaribiwe kwanza. Kusimba upya kuwe njia ya mwisho.

(d) Kaseti zihamishwe kwa usimbaji usiopoteza kitu. Kodeki ya FFV1 ndani ya kasha la MKV hutumiwa na hifadhi nyingi kwa sababu hubana bila kuondoa chochote na kanuni zake ziko wazi kwa wote.

(e) Nakala ya kazi, yaani MP4 yenye H.264 na mwendo wa kudumu, itengenezwe kabla ya kuanza kunakili maneno katika ELAN. Alama za ELAN hufungwa kwenye wakati, kwa elfu za sekunde. Nakala ikibadilishwa katikati ya kazi na mwendo wake ukawa tofauti, maneno yote yaliyokwisha kuandikwa yatateleza kutoka mahali pake.

(f) Nakala ndogo itengenezwe kwa ajili ya wenye sauti wenyewe, iweze kuchezwa katika simu ya kawaida, na ipelekwe kwao.

Hatua ya (d) haiwezi kungoja. Mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyojulikana kuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha kazi hiyo. Mwaka 2019 UNESCO na IASA zilitoa tahadhari ya pamoja kuhusu tepe za sumaku, zikieleza kwamba uwezo wa kuzicheza ungekuwa umepungua mno kufikia mwaka 2025 hivi. Mwaka huo umepita. Kaseti iliyomo kabatini huko Kikula au Panda yaweza kuwa nzima, na bado ikanyamaza kwa kukosa mashine.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba matatizo mengi ya video katika kompyuta ni matatizo ya usomaji: kodeki haipo, faharasa haikuandikwa, mwendo umehesabiwa vibaya, au herufi zimesomwa kwa mfumo usio wake. Yote haya yana tiba, mradi faili la asili liwepo. Tatizo lisilo na tiba ni lile la faili la asili kufutwa baada ya nakala hafifu kutengenezwa.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na Likasi ilikuwa miongoni mwa miji iliyoguswa. Wengi wa watu hao walijifunza msamiati wa kiwandani, wa mgodini na wa makazi ya kampuni kwa Kiswahili, na wamekuwa wakizeeka. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi mwaka 2000, umeonyesha ni kiasi gani cha historia kimo katika masimulizi ya namna hiyo. Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili, popote zilipo, ziingize elimu ya msingi ya maumbizo ya video katika mafunzo ya utafiti wa nyanjani, pamoja na fonetiki na unukuzi; na kwamba kila mwanafunzi anayekwenda kurekodi katika miji ya Katanga arudi na faili la asili, si ile nakala aliyotumiwa kwa simu.